Karatasi za Mtunzi Baada ya Kufa Kwake

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, alimwagiza Baruku azitie hati za ununuzi katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi (Yer. 32:14). Hiyo ndiyo kazi ya hifadhi ya nyaraka. Karatasi hutunzwa kwa ajili ya watu ambao mwandishi hatawaona.

Katika fasihi ya Kiswahili tunao mfano ulio karibu nasi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, hakuacha kitabu kilichochapwa. Beti zake zilikaa vichwani mwa wazee, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuziandika katika miaka ya 1880, akishirikiana na Kasisi W. E. Taylor wa misheni ya Kianglikana. Pamoja na beti yaliandikwa maelezo ya maneno na ya matukio. Taylor alifariki mwaka 1927. Karatasi zake zikamfikia William Hichens, aliyechapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, na hatimaye zikaingia katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Huko Dar es Salaam nako, J. W. T. Allen aliikusanyia maktaba ya Chuo Kikuu miswada pamoja na kanda za sauti. Orodha yake ilitoka mwaka 1970.

Huenda msomaji akauliza: diwani ikishachapwa, mswada ni wa nini tena? Kitabu chatuonyesha uamuzi wa mhariri mmoja. Mswada huonyesha hati ya Kiarabu ilivyosomwa, neno lililofutwa, na maelezo ya pembeni ambayo mchapaji aliyaacha. Mwanafunzi wa Agano Jipya anayelinganisha hati za kale hahitaji kuelezwa zaidi.

Nimepata kumzika mtunzi wa nyimbo za kwaya ambaye madaftari yake, kabla ya arobaini, yalikwisha kufungiwa karanga sokoni. Nyimbo zake zaimbwa hata leo, lakini kila usharika una ubeti wake wa tatu.

Hifadhi ya chuo kikuu haipokei karatasi kiholela. Kwanza huwekwa hati ya makabidhiano baina ya chuo na mwenyewe, au warithi wake. Kutoa karatasi si kutoa hakimiliki. Mambo hayo mawili huandikwa mbalimbali. Kisha karatasi huachwa katika mpangilio aliouweka mwenyewe, kwa maana barua iliyokutwa ndani ya daftari la nyimbo yaweza kueleza wimbo ulikotoka. (Warithi wenye bidii ya kupanga upya huharibu kuliko mchwa.) Pini zenye kutu huondolewa, na karatasi hutiwa katika makasha yasiyo na asidi, mbali na unyevu. Mtoaji aweza pia kuweka sharti kwamba fungu fulani lisifunguliwe kwa miaka kadhaa.

Kwa mchungaji aliye mtunzi, sharti hilo halitoshi. Miongoni mwa mashairi na hotuba zake zimo barua za watu waliomfungulia mioyo yao, na siri ya maungamo haina muda wa kwisha. Barua hizo azitenge na kuziteketeza mwenyewe angali hai, asije akawaachia watoto wake kazi ya kuzisoma moja moja ili wajue zipi za kuchoma.