Koti Jekundu: Nani Aliyechanganyikiwa, Baba au Mama?

Mtoto amekufa. Mama analia, baba anafanya kazi. Filamu ya mwaka 1973 inatuuliza ni yupi kati yao anayehitaji msaada.

Kuna filamu ukimaliza kuziona unazima televisheni na kwenda kulala. Don't Look Now ya mwongozaji Mwingereza Nicolas Roeg si mojawapo. Ukiiangalia na mwenzi wako, jiandaeni kubishana mpaka usiku wa manane. Na tahadhari mapema: hapa nitasema mpaka mwisho wake, maana bila mwisho hakuna cha kujadili.

Kisa chenyewe

John (Donald Sutherland) na mkewe Laura (Julie Christie) wako nyumbani kwao Uingereza, siku ya mapumziko. Baba anaangalia picha za kanisa. Nje, binti yao Christine anacheza karibu na bwawa, amevaa koti jekundu. Ghafla baba anahisi kitu, anatoka mbio. Amechelewa. Anamtoa mtoto majini akiwa ameshakufa.

Baadaye tunawakuta Venice, Italia, ambako John anakarabati kanisa la zamani. Huko Laura anakutana na wanawake wawili ndugu. Mmoja, Heather, ni kipofu, na anamwambia kwamba amemwona Christine katikati ya wazazi wake, anacheka. Laura anazimia. Akizinduka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ana furaha.

John hataki hata kusikia. Kwake mtoto amekufa, basi. Lakini ni yeye anayeanza kuona mtu mdogo mwenye koti jekundu akikatiza kwenye vichochoro. Anamwona hata Laura kwenye boti, amevaa nguo nyeusi, wakati Laura amerudi Uingereza kumwangalia mtoto wao wa kiume aliyepata ajali shuleni. Usiku wa mwisho anakimbilia koti lile, analibembeleza kama mtu anayeongea na mtoto. Anayegeuka ni mwanamke mtu mzima, mfupi wa kimo, muuaji aliyekuwa akiutia hofu mji mzima. Anamkata shingo. Na ile boti? Ilikuwa ya mazishi ya John mwenyewe.

Tafsiri ziko tatu

Wapo wanaosema Christine alikuwa anamwonya baba yake kweli, kupitia Heather. Wengine wanasema John ana kipaji cha kuona yajayo, kama Heather mwenyewe anavyosema, ila anakikataa. Kundi la tatu linasema hakuna mzimu wala kipaji, ni majonzi tu yanayomchezea akili.

Filamu haichagui. Tafsiri ya tatu haielezi ile boti, maana mambo yalitokea kama alivyoyaona. Na ya kwanza inaacha swali gumu: kama mtoto alitaka kumwokoa baba yake, kwa nini rangi ya koti lake ndiyo iliyompeleka kwenye kisu?

Mimi nasemaje?

Mimi nawaangalia mke na mume. Laura analia, anazimia, anauliza, anaongea na yeyote atakayemsikiliza. Kwa sababu hiyo, mumewe anamwona yeye ndiye mgonjwa. John anakwenda kazini, anakula, anatoa amri, na kila mtu anamwona mzima. Lakini aliyekimbilia koti jekundu gizani hakuwa mama anayeamini mizimu. Ni baba aliyesisitiza kwamba hakuna wa kumkimbilia.

Ndiyo maana naipa uzito ile sehemu maarufu ya mapenzi kati yao, iliyochanganywa na picha zao wakivaa nguo kwenda kula chakula cha jioni. Ilizua mjadala mkubwa ilipotoka. Wengi waliona ngono tu. Mimi naona usiku pekee ambao watu hawa wawili wako upande mmoja. Baada ya hapo kila mmoja anarudi kwenye majonzi yake kivyake.

Hadithi hii imetokana na hadithi fupi ya Daphne du Maurier, na ni ya Waingereza walio ugenini. Lakini huyo John tunamjua. Msibani kwetu yeye ndiye anayekaa nje kwenye turubai, anapokea mikono, anahesabu michango, anaambiwa 'jikaze, wewe mwanaume'. Matanga yakianuliwa, anarudi kazini. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Ukimaliza kuiangalia

Kama nyumbani kwenu mmewahi kuzika mtoto, usiilazimishe filamu hii. Bwawa la mwanzoni linaumiza. Ila kuna jambo unaweza kulifanya hata bila filamu. Mtaje mtoto kwa jina mbele ya mwenzio, kisha nyamaza usikilize. Usimwambie apige moyo konde, na usiharakishe kumtafutia maelezo ya kilichotokea. Akikataa kuongea leo, jaribu tena wiki ijayo. Mkishindwa wenyewe, tafuteni mshauri, kiongozi wa dini au mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Nawe kama umeiona, una tafsiri gani? Je, Christine alikuwepo Venice au hakuwepo? Mwulize kwanza uliyeiangalia naye, kisha mwache ajibu mpaka amalize.