WAKILI WA MASHAURI YA NDOA: TUMPIME KWA LIPI?

Mfanyakazi atakaye kujenga nyumba humwuliza fundi kwanza: umejenga wapi? Lakini nyumba hiyo hiyo inapogombewa mahakamani kwa ajili ya talaka, wengi humkimbilia wakili wa kwanza waliyeelekezwa, wasimwulize lo lote. Jambo hili si la busara.

Katika Tanzania Bara, uwakili si suti na mkoba. Mtu husoma shahada ya sheria chuo kikuu, kisha hupata mafunzo ya vitendo katika taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ndipo Jaji Mkuu humkubali na jina lake kuingizwa katika daftari la mawakili. Hata hivyo, cheti chake cha kazi huhuishwa kila mwaka. Kuomba kukiona si utovu wa adabu. Ni haki ya mwenye shauri.

Lakini cheti ni mwanzo tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka ugomvi wa mume na mke ufikishwe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi, isipokuwa kwa sababu maalumu. Shauri lililoruka hatua hiyo laweza kutupwa. Wakili mzoefu hulijua hilo, naye huuliza kwanza kama suluhu yawezekana.

Kisha huja mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Huo ulikuwa ushindi kwa akina mama wanaopika, wanaofua na kulea ili waume waende kazini. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwani mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa ndizo fungu lake. Kanuni peke yake, basi, haitoshi. Yatakiwa wakili ajuaye kuuliza: kiwanja kilinunuliwa lini, kwa fedha ya nani, na nani alibaki na watoto?

Na watoto hao ndio wa kutangulizwa, kwa kuwa sheria yaweka ustawi wao mbele. Wakili awafanyaye silaha ya kumpigia mzazi mwenzie hafai, hata awe na shahada ngapi.

Asiye na fedha naye asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemfungulia njia.

Twawaambia wafanyakazi, wake kwa waume: ulizeni kabla ya kutia sahihi. Nyumba iliyojengwa kwa jasho la miaka ishirini isipotee kwa haya ya siku moja.