BORROW NA LEND

Mwanafunzi anayeanza kusoma Kiingereza hudhani kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake katika Kiswahili, na kwamba akiisha kuwajua hao wenzi wote atakuwa ameijua lugha. Sivyo. Mara nyingi neno moja la Kiswahili hufanya kazi ya maneno mawili ya Kiingereza, na pengine neno moja la Kiingereza hufanya kazi ya maneno mawili ya Kiswahili. Katika somo hili tutatazama maneno mawili yanayowasumbua wengi, nayo ni borrow na lend.

Ukifungua kamusi utaona kwamba yote mawili hufasiriwa kwa neno kuazima. Kamusi haikukosea. Kwa Kiswahili mwenye jembe huazima, na asiye na jembe huazima pia. Twasema, "Petro ameniazima jembe," yaani jembe ni la Petro, nami nimepewa nilitumie. Tena twasema, "Nimeazima jembe kwa Petro," na habari ni ile ile. Kinachotuonyesha jembe limetoka kwa nani ni kile kiungo kidogo -ni-, au lile neno kwa. Vitu hivyo vikiondolewa, neno kuazima peke yake halituambii mwenye jembe ni nani.

Waingereza hawafanyi hivyo. Wao wamegawanya tendo hili mafungu mawili, na kila mtu amepewa neno lake. Lend ni tendo la mwenye mali, anayetoa kitu chake kwa muda. Borrow ni tendo la mwombaji, anayepokea kitu cha mwenziwe kwa muda. Angalia sentensi hizi mbili:

Petro lent me a hoe.
I borrowed a hoe from Petro.

Jembe ni moja, na siku ni moja. Ya kwanza yamtaja Petro aliyetoa. Ya pili yanitaja mimi niliyepokea. Jambo hili si geni kwetu, kwa maana nasi twasema kuuza na kununua. Sokoni tendo ni moja, lakini mwenye kuku huuza, na mwenye fedha hununua, wala hakuna mtu awezaye kuyachanganya maneno hayo. Basi borrow na lend ni vivyo hivyo. Ukiwa na shaka, jiulize: Mwenye kitu ni nani? Kama mtendaji katika sentensi ndiye mwenye kitu, andika lend. Kama mtendaji ndiye aliyekihitaji, andika borrow.

Yashike pia maneno madogo yanayofuata. Borrow hufuatwa na from, yaani kutoka kwa. Lend hufuatwa na to, yaani kwa yule anayepewa. Waweza kusema "Lend me your knife," yaani niazime kisu chako. Lakini usiseme kamwe "Borrow me your knife." Kosa hili hutokea kwa sababu tumelizoea neno niazime, nasi twadhani kwamba borrow nayo yaweza kumpokea mtu namna hiyo. Haiwezi. Ukitaka kutumia borrow, sema "May I borrow your knife?" Habari ya wakati uliopita, borrow huwa borrowed, na lend huwa lent. Hili lent lisichanganywe na Lent yenye herufi kubwa, ambalo ni jina la Kwaresima. Hilo ni neno lingine kabisa. Asili yake ni jina la kale la majira ya mwaka ambayo baridi ya Ulaya huisha na miti huchipua.

Labda mtu atasema, "Haya ni mambo madogo, msikilizaji ataelewa." Tuseme watu wawili, Juma na Petro, wanagombea baiskeli mbele ya hakimu, na maneno ya mashahidi yanaandikwa kwa Kiingereza. Shahidi asema, "Baiskeli hii Juma alimwazima Petro." Karani asiyejua tofauti aandika "Juma borrowed this bicycle from Petro." Shahidi amesema kweli, lakini karatasi yasema uongo, kwa kuwa kwa neno moja baiskeli imetolewa kwa Juma ikapewa Petro. Hakimu asiyejua Kiswahili atahukumu kwa yale yaliyoandikwa. Ndiyo maana mfasiri mwaminifu huyapima maneno madogo kama mfua dhahabu apimavyo dhahabu yake.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili ni maskini. Wajerumani nao wana neno leihen, ambalo hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia. Tena Kiswahili chaangalia jambo ambalo maneno haya ya Kiingereza hayaliangalii. Sisi twatenga kuazima na kukopa. Kitu cha kuazima hurudi chenyewe: jembe lile lile, sufuria ile ile. Kitu cha kukopa hutumiwa kikaisha, na mkopaji hurudisha kingine mfano wake, kama vile fedha au unga. Na hapo twatofautisha hata watendaji, kwa maana anayepokea hukopa, na anayetoa hukopesha.

Tofauti hiyo yaonekana vema katika habari mbili za Biblia. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 6, mtu mmoja alikuwa akikata mti kando ya Yordani, na chuma cha shoka lake kikaanguka majini. Akamlilia Elisha, kwa sababu shoka halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Na katika Injili ya Luka, mlango wa 11, Yesu asimulia habari ya mtu aliyemwendea rafiki yake usiku wa manane kutaka mikate mitatu, kwa kuwa amefikiwa na mgeni. Huyu hakutaka kuazima bali kukopa, kwa maana mikate ikiisha kuliwa hairudi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia borrow kwa shoka na lend kwa mikate. Yatuonyesha nani apokea na nani atoa, lakini haituonyeshi kama kitu kitarudi chenyewe.

Basi mwenye kufasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na aulize, "Nani mwenye kitu?" Na mwenye kufasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na aulize, "Je, kitarudi chenyewe, au mfano wake?"

Neno borrow latokana na neno la kale la Kiingereza, borg, ambalo maana yake ni dhamana. Wazee wetu nao walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga," yaani wakati wa kupewa ni furaha, na wakati wa kulipa ni huzuni. Lugha hizi mbili zimeyagawanya maneno kwa njia mbalimbali, lakini zimepatana katika neno moja: kilichopokewa kwa muda lazima kirudi kwa mwenyewe.

MASWALI

1. Jaza nafasi kwa lent au borrowed: "Mariamu ____ a needle from her aunt." "The teacher ____ us three books."
2. Andika sentensi hii upya ianze na neno I, bila kubadili habari yake: "Yohana lent me a lamp."
3. Fasiri kwa Kiingereza: "Mjomba alinikopesha shilingi kumi." "Niliazima ngazi kwa jirani."
4. Vitu hivi huazimwa au hukopwa: chumvi, mtumbwi, unga, sufuria, fedha? Eleza sababu.
5. Kwa nini yule mtu wa kando ya Yordani alihuzunika kuliko kama shoka lingekuwa lake mwenyewe?