Kinyago cha Simu: Uso, Sauti na Ushuhuda wa Kisangani

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi simu ya mkononi inavyofuatisha mienendo ya uso wa binadamu na kuihamishia katika sura ya kubuni iliyochorwa kwa kompyuta, kisha kupima faida na mipaka ya ufundi huo kwa wakusanyaji wa masimulizi mjini Kisangani.

Kwanza, suala la istilahi. Sura hiyo huitwa avatari, neno lenye asili ya Kisanskriti linalohusu kushuka kwa mungu duniani. Kikaragosi lingefaa, ila lina harufu ya dhihaka. Kinyago lina uzito zaidi, kwa kuwa huficha uso wa anayekivaa bila kumnyima nafasi ya kusema. Ndilo litumikalo hapa.

Ufundi wenyewe una njia mbili. Ya kwanza ililetwa na simu ya iPhone X mwaka 2017. Simu hiyo humulika uso kwa nukta zaidi ya 30,000 za mwanga usioonekana kwa macho, ikapima umbali wa kila sehemu. Kutokana na vipimo hivyo programu hutoa namba 52, kila moja kati ya 0 na 1: taya limefunguka kiasi gani, nyusi zimepanda kiasi gani, midomo imebinuka kiasi gani. Kinyago hupokea namba hizo na kufanya vivyo hivyo. Njia ya pili haihitaji mwanga huo. Programu ya MediaPipe, iliyotolewa na Google mwaka 2019, hukisia alama 468 za uso kutokana na picha ya kamera ya kawaida, na kwa hiyo hutumika hata katika simu za bei nafuu.

Kwa mwanafunzi wa fonolojia, jambo la kuzingatia ni kwamba kamera huona midomo, haioni koo. Vokali tano za Kiswahili hutofautika vizuri, kwani a hufungua taya, i hutandaza midomo, na u huiviringa. Sauti f na v nazo huonekana, mdomo wa chini ukigusa meno ya juu. Lakini p, b na m hufanana kabisa, na k, ny na ng' hufanyika ndani. Kati ya namba 52 zilizotajwa, moja tu ni ya ulimi, nayo hupima ulimi uliotolewa nje. Hivyo tofauti ya dhahabu ya Kiswahili sanifu na zahabu ya Kingwana yaweza kupotea machoni, ikabaki masikioni tu.

Ufundi huu una maana gani kwa Kisangani? Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiona Uganda kuwa na hatia, na mwaka 2022 ikaiamuru kulipa dola milioni 325, zikiwamo milioni 225 kwa madhara waliyopata watu. Katika filamu ya Dieudo Hamadi ya mwaka 2020, En route pour le milliard, baadhi ya waathirika walisafiri kwa mto hadi Kinshasa kudai haki yao, nyuso zao zikiwa wazi. Si kila shahidi awezaye kufanya hivyo. Kumfunika shahidi kwa kiwingu huondoa pamoja na uso wake kigugumizi cha midomo na kukunjamana kwa paji, ambavyo ni sehemu ya masimulizi. Kinyago huvihifadhi.

Hata hivyo, hapana budi kuwa na hadhari. Sauti haifichwi na kinyago. Jirani huitambua mara moja, kama atambuavyo kisa chenyewe. Baadhi ya programu huhifadhi video halisi pamoja na namba, na video hiyo ikivuja kinyago hakina kazi tena. Aidha, utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa programu za kubainisha jinsia kwa picha zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na zisizidi asilimia 0.8 kwa wanaume weupe. Kazi hiyo si sawa na ya kufuatisha uso, lakini inatosha kumfanya mtafiti ajaribu zana yake kwa nyuso za wenyeji kabla ya kuitegemea.

Basi mkusanyaji amwonyeshe msimulizi kinyago chake kabla ya kurekodi, amweleze kinachofichwa na kisichofichwa, kisha amwachie uamuzi. Uso ni wake, na masimulizi ni yake.