Je, Wajua? Kibera na Kawangware kwenye Ramani, Skrini na Simu

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2009, aliyefungua OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuisahihisha, alikuta Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ni doa tupu? Mwaka huohuo Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha mradi wa Map Kibera. Vijana 13 kutoka vijiji vya Kibera walishika vifaa vidogo vya GPS wakaingia vichochoroni. Waliandika walichokiona: choo, bomba la maji, zahanati, kanisa, msikiti, shule, duka la dawa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na wenyeji. Mpima ardhi aliyetumwa kutoka mjini angeona mabati na matope. Msichana aliyekulia Lindi au Gatwekera anajua njia ipi haipitiki giza likishaingia, na baadaye mradi huo uliwashirikisha wasichana kuchora ramani ya mahali wanapojiona salama na mahali wanapoogopa. Ramani ya namna hiyo hainunuliwi dukani.

Je, wajua kwamba sensa ya mwaka huohuo wa 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera? Kwa miaka mingi magazeti, mashirika na wageni walikuwa wakitaja milioni moja, na wapo wanaoitaja mpaka leo. Wapo pia wakazi wasioiamini hesabu ya serikali. Mimi naona idadi ndogo haipunguzi haja hata kidogo: watu 170,070 bila mifereji ya majitaka ni wengi mno.

Je, wajua waliotangulia kukaa hapo? Ni Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles pamoja na familia zao, waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Walisubiri hati ya ardhi mpaka mwaka 2017, walipokabidhiwa hati ya jumuiya ya ekari 288.

Je, wajua kwamba M-Pesa haikubuniwa ili mtoto wa mjini amtumie mama yake pesa kijijini? Jaribio la kwanza, mwaka 2005, lilikuwa la kuwawezesha wenye biashara ndogo kulipa mikopo kwa simu. Watu walipozishika zile simu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, kwa shughuli zao, na kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007 ikaliuza wazo hilo la wateja. Miezi michache baadaye, fujo za baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya zikalipuka. Mtafiti Olga Morawczynski, aliyekuwa akichunguza matumizi ya M-Pesa Kibera wakati huo, aliandika jinsi simu ilivyogeuka mojawapo ya njia chache za kuwafikishia pesa na salio watu waliozingirwa mtaani. Aliandika pia habari za wanawake waliokuwa wakiweka akiba ndani ya simu mahali ambapo waume zao hawangeiona. Nikisoma hotuba zinazosifu uvumbuzi wa pesa za simu, hao ndio ninaowafikiria. Mtambo ulikuwa wa kampuni, lakini njia za kuutumia walizigundua wao.

Siku hizohizo za Januari 2008 ndipo ilipozaliwa Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani. Walioianzisha ni pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Vijana wa Kibera nao waliichukua wakaunda Voice of Kibera, na wakati wa kura ya maoni ya katiba, Agosti 2010, wakaitumia kupasha habari za mtaa wao.

Tuje kwenye picha.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 mapaa ya Kibera yaligeuzwa uwanja wa maonyesho? Msanii Mfaransa anayejulikana kwa jina JR alitandaza picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo juu ya mita za mraba 2,000 za mabati. Picha hazikuchapwa kwenye karatasi. Zilichapwa kwenye turubai la plastiki lisilopitisha maji, kwa hiyo mvua iliponyesha zilisaidia kuziba mapaa yanayovuja. Kisha akabandika macho kwenye mabehewa ya treni na sehemu za chini za nyuso kwenye mabati yaliyo ukingoni mwa reli, hivi kwamba garimoshi lilipopita, kwa nukta chache tu, uso ukakamilika. Reli hiyo ni ileile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Na ndiyo iliyong'olewa na vijana wenye hasira katika ghasia za 2008. Reli moja imebeba hasira na sanaa ndani ya miaka miwili, na ninaona fahari kwamba waliotazamwa safari hii walikuwa akina mama wa mtaa, wakitazama nao juu angani.

The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyotokana na riwaya ya John le Carré, ilipigwa Kibera na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Inahusu kampuni ya dawa inayowajaribia maskini dawa zake. Rachel Weisz alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake humo. Waliohusika na filamu hiyo walianzisha mfuko wa hisani kwa ajili ya sehemu hizo mbili walizopigia picha, jambo ambalo wapiga picha wengi wanaopita hapo hawalifanyi.

Mwingine aliyekuja kuigiza na hakuondoka moja kwa moja ni Connie Nielsen wa Denmark, yule Lucilla wa filamu ya Gladiator. Baada ya kuigiza Kibera katika filamu ya Kidenmark, Kidnappet, alishiriki kuanzisha Human Needs Project, shirika lililojenga Kibera Town Centre, penye maji safi, vyoo, sehemu ya kufulia na mafunzo ya kompyuta.

Lakini ukiniuliza filamu ya Kibera ni ipi, nitakujibu Soul Boy, ya mwaka 2010. Iliongozwa na Hawa Essuman, ikaandikwa na Billy Kahora. Kijana Abila anaamka na kumkuta baba yake hana roho, naye anaanza kutafuta namna ya kuirudisha. Humo umaskini upo, maana mtaa ndio huo, lakini hakuna anayeomba kuhurumiwa. Watoto wana akili, ucheshi, uchawi na mapenzi. Kutoka mradi huohuo wa One Fine Day Films, alioushughulikia Mjerumani Tom Tykwer, ndiko ilikotoka Nairobi Half Life mwaka 2012, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar ya filamu za kigeni.

Na je, wajua kwamba kuna mtazamaji wa Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, anayeijua Hollywood na Bollywood yote bila kusoma hata mstari mmoja wa maandishi ya chini? Anamshukuru DJ Afro, msimulizi wa filamu. Katika vibanda vya video, vile vyumba vya mabati vyenye mabenchi, televisheni na spika kubwa, filamu ya mapigano kutoka Marekani, India au Uchina husimuliwa upya kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Msimulizi huwapa wahusika majina ya nyumbani, huwaonya adui akijificha nyuma ya mlango, huwasuta wanaume waoga. Tanzania walikuwa na marehemu Lufufu katika kazi hiyohiyo, na Uganda wanao VJ Jingo na wenzake, kwa Kiganda. Wasomi wa filamu huwataja kwa kupitia tu. Mimi nawahesabu miongoni mwa wasimulizi hodari wa lugha zetu, kwa sababu wamewafanya watu wa kipato kidogo kabisa wawe na sinema kwa lugha yao, kazi ambayo vituo vikubwa vimeifanya kwa kusuasua. Supa Modo, filamu nzuri ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, imempa nafasi msimulizi wa aina hiyo ndani ya hadithi yenyewe.

Sasa Kawangware, ambayo haipati hata robo ya kamera zinazoelekezwa Kibera.

Je, wajua kwamba Kawangware, Gatina na Kabiro zimo katika eneo bunge moja na Kilimani na Kileleshwa? Mbunge wa Dagoretti Kaskazini huwakilisha mwenye nyumba ya lifti na mwenye chumba cha mabati.

Je, wajua kwamba Gatina iliwahi kuwa na pesa zake? Mwaka 2014 wafanyabiashara wadogo wa hapo walianza kutumia Gatina-Pesa, vocha za karatasi zilizosimamiwa na shirika la Grassroots Economics. Vocha za namna hiyo zilitangulia Mombasa, katika mtaa wa Bangladesh, mwaka 2013, na huko waanzilishi sita, akiwemo Will Ruddick, walikamatwa kwa kushukiwa kutengeneza pesa bandia kabla ya mashtaka kufutwa. Utaratibu wake ni huu. Katikati ya mwezi shilingi huadimika. Mama mboga ana sukuma zinazonyauka, fundi cherehani ana mashine isiyo na kazi, na kinyozi amekaa mlangoni. Kila mmoja anahitaji alicho nacho mwenzake, ila hakuna mwenye noti. Wakikubali vocha za kundi lao, sukuma zinaliwa, sare ya shule inashonwa, kichwa kinanyolewa, na shilingi chache zilizopo zinabaki kwa kodi na nauli. Kangemi nao walikuwa na zao, na Lindi, Kibera, wakapata Lindi-Pesa. Kuanzia mwaka 2018 vocha hizo zilihamia kwenye simu, zikaitwa Sarafu, zikatumia mfumo wa bloku-cheni wakati wengi wetu tulikuwa hatujalisikia neno hilo. Ninaupenda mpango huu kwa sababu thamani yake ni kazi ya mikono ya jirani unayemjua.

Kuna na jingine la karibuni: Soweto West, Kibera, wapo wakazi wapatao 200 wanaotumia bitkoini, wakiwemo wakusanya taka wanaolipwa nayo. Hapa moyo wangu ni mzito. Bei ya bitkoini hupanda na kushuka kwa siku moja kiasi ambacho mshahara wa mkusanya taka hauwezi kukistahimili.



Je, wajua kwamba maji hupita angani Kibera? Shirika la SHOFCO, ambalo Kennedy Odede alilianzisha akiwa kijana mdogo mwaka 2004, lilitundika mabomba juu ya nguzo. Sababu ni kwamba mabomba yaliyofukiwa hukatwa na magenge ya wauza maji, na majitaka huingia yanapotoboka. Na juu zaidi ya mabomba hayo kuna antena za TunapandaNET, mtandao wa intaneti wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana bila kungoja kampuni kubwa iamue kama mtaa una faida.

Je, wajua kwamba Agosti 2023 serikali iliisimamisha Worldcoin, iliyokuwa ikipiga picha mboni za macho ya Wakenya na kuwapa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000? Foleni zilijaa katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Siwalaumu waliopanga foleni hata mmoja.

La mwisho ni lile ninalotamani kila mtumiaji wa simu alijue.

Je, wajua ni nani anayeifundisha mashine kuona? Mwaka 2018 BBC ilionyesha kazi ya Samasource, kampuni iliyoanzishwa na Leila Janah na iliyowaajiri vijana wa Kibera na mitaa mingine. Wanakaa mbele ya kompyuta, wanafungua picha ya barabara, wanazungushia mstari kila kitu kilichomo: huyu mtu, hili gari, hii ishara, hapa anga. Picha baada ya picha, mpaka gari linalojiendesha lijue kusimama mtu anapovuka. Malipo yalikuwa karibu dola 9 kwa siku. Kampuni hiyo, ikiitwa sasa Sama, ilipata kazi nyingine: kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba waliofanya hivyo walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wenzao waliichujia Facebook video za mauaji. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo Nairobi, aliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, mwaka 2022, akieleza jinsi akili yake ilivyoumia. Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanyakazi, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za aina hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake kwa kuwa haina makao wala haifanyi biashara hapa. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo: kesi zitasikilizwa Kenya.