Kisiwa Gani cha Italia? Anza na Magoti ya Bibi

Mama yangu ni mtu wa Pemba. Nilipomwambia kwenye simu kwamba akija Uingereza tutampeleka kupumzika kisiwani Italia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kisiwani? Kwani mimi natoka wapi, mwanangu?"

Alikuwa na haki. Kwa watu waliolelewa Mkoani, Lamu au Mafia, kutoa pesa kwenda kutazama bahari ya watu ni jambo linalotaka maelezo. Lakini hesabu za ugenini tunazijua sote. Tiketi za familia nzima kwenda nyumbani mwezi wa Agosti, ukiongeza na zawadi za ukoo, ni akiba ya miaka miwili. Mwaka usio wa kwenda nyumbani, watoto nao wana wiki sita za likizo na wanataka kujua tunaenda wapi. Italia iko saa tatu hivi kwa ndege kutoka London, maji yake ya kiangazi hayakufanyi utetemeke, na watu wake wanapenda watoto na wazee bila kuona haya. Kazi ni kuchagua. Visiwa ni vingi, na picha zote ni nzuri.

Sisi tulichagua kwa picha. Tukaenda Capri, katikati ya Agosti, na mama mwenye miaka 71, watoto watatu, na mmoja wao bado yumo kwenye kigari cha kusukuma. Tuliposhuka bandarini Marina Grande, boti nyingine tatu zilikuwa zinashusha watu. Foleni ya kitreni kinachopanda mlimani hadi mjini ilipinda hadi juani. Nyumba tuliyokodi ilitangazwa kuwa "dakika tano kutoka uwanjani", na ni kweli, ila dakika tano zenyewe zilikuwa ngazi tupu. Nilizihesabu baadaye: 112. Mama alipofika kama ya arobaini aliketi, akafungua mkoba wake, akatoa feni yake ya mkono na kusema, "Nyinyi nendeni. Mimi mtanikuta hapa siku ya kurudi."

Tulimpandisha polepole. Lakini kushuka tena hakutaka, na sikuweza kumlaumu. Mama alikaa Capri siku tatu, akaiona bahari kutoka roshanini, na hakuigusa hata mara moja. Kwa mtu ambaye haji kila mwaka, na ambaye hatujui atakuja tena mara ngapi, jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko pesa zilizopotea.

Tangu hapo picha naziangalia mwisho. Kwanza nauliza tunafikaje. Kisiwa kikubwa chenye uwanja wa ndege, yaani Sicilia au Sardinia, ni safari moja: unashuka, unachukua teksi au gari la kukodi, umefika. Kisiwa kidogo ni ndege, halafu basi au teksi hadi bandarini, halafu chombo, halafu usafiri mwingine tena, na mabegi yote unayo wewe. Vyombo navyo ni vya aina mbili. Aliscafo ni boti ya kasi, kama zile za Dar na Unguja. Inafika upesi, lakini inarusha tumbo na bahari ikichafuka ndiyo ya kwanza kufutwa. Traghetto ni meli ya kubeba magari, ya taratibu, ina nafasi ya kutembea na mara nyingi bei yake ni nafuu. Mama, ambaye amekua akisikiliza kusi na kaskazi, hakuhitaji kuelezwa kwa nini watu wa huko wanahofia upepo wa maestrale na sirocco. Ukiwa na ndege ya kurudi Jumapili, toka kisiwa kidogo Jumamosi.

Ghuba ya Napoli ina visiwa vingine viwili, majirani wa Capri. Procida ni kidogo mno, kama kilomita za mraba nne, nyumba zake za rangi ya waridi na manjano zimepangana juu ya bandari ya wavuvi, na mwaka 2022 kilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Italia. Kwa wawili wasio na mizigo ni raha tupu. Kwa bibi, Ischia ni bora. Kina chemchemi za maji moto zitokazo ardhini, ambazo Wataliano wenyewe huzifuata kwa ajili ya viungo vinavyouma, na ile ngome kuu ya zamani iliyo juu ya mwamba ina lifti. Chukueni kofia za kuogelea, kwa sababu mabwawa mengi ya Italia hayakuruhusu bila hiyo.

Sardinia ni habari nyingine. Ina kilomita za mraba 24,000 hivi, Unguja nzima inaingia humo zaidi ya mara kumi, na bila gari utabaki unatazama ramani. Fukwe zake ndizo zinazokaribia za kwetu: mchanga mweupe, maji maangavu ya kina kifupi, mtoto anatembea mita nyingi bado yamo kiunoni. Ila zina sheria zake. La Pelosa, kule Stintino, msimu wa joto inapokea watu 1,500 tu kwa siku, waliojiandikisha na kulipa mapema, na taulo haliwekwi mchangani bila mkeka chini yake. Na waambieni watoto wasitie mchanga kwenye chupa kwa ukumbusho: faini yake ni kuanzia yuro 500 hadi 3,000. Mwanzoni niliona ni ukali wa bure. Halafu nikafikiria baadhi ya fukwe zetu zilivyofanywa, nikanyamaza.

Safari ya pili tulikwenda Sicilia, na hapo ndipo mama alipoacha kuuliza tumefuata nini. Tulikodi nyumba ya chini kabisa mjini Cefalù, ambako ufuko wa mchanga uko palepale mjini na treni inakupeleka Palermo. Siku ya kwanza, kabla hata chai haijachemka, mama alishavua viatu na kuingia majini hadi magotini, kanga ameikusanya mkononi. Dada yangu aliogelea na bukini yake siku zote na hakuna aliyemsemesha.

Waislamu walifika Sicilia mwaka 827, wakashukia Mazara, na wakatawala hadi karne ya 11. Alama zao bado ziko mdomoni mwa watu. Caltanissetta na Caltagirone zina neno la Kiarabu la ngome ndani yake. Mlima Etna una jina jingine, Mongibello, ambamo neno la mlima limetajwa mara mbili, Kilatini kisha Kiarabu. Tulipelekwa kutembelea shamba la malimau karibu na Bagheria, na mwenye shamba akatuonyesha tangi la kale la kujengwa, la maji ya kumwagilia, akasema linaitwa gebbia. Mama hakusubiri tafsiri. "Si jabia hii!" alisema, akaigonga ukingoni kwa kiganja kama aliyekutana na jirani wa zamani. Mwenye shamba akarudia neno lake, mama akarudia lake, na wakaendelea hivyo kwa muda, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Hapo Palermo, kwenye jumba la mfalme Roger II, ndipo al-Idrisi alipomalizia kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, na ndani yake Malindi na Mombasa zimetajwa. Mwanangu mkubwa, ambaye historia ya shule inamchosha, aliitaka habari hiyo nimrudie mara mbili.

Chakula kinahitaji macho. Panelle ni bajia za unga wa dengu, zinauzwa barabarani ndani ya mkate, na watoto walizila kila siku. Uliza tu kama mafuta yale yamekaangiwa nyama. Trapani na San Vito Lo Capo wanapika kuskusi kwa mchuzi wa samaki. Lakini cannoli, vile vitamutamu vilivyojazwa jibini laini, ganda lake mara nyingi hukandwa na mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala, na mabumunda ya wali yaitwayo arancine huwa na nyama ya nguruwe pasipo mtu kukuambia. Sema "senza maiale, senza strutto" na utaelewana nao. Palermo ina msikiti katika mji wa kale, na pembeni mwa soko la Ballarò, ambalo makelele yake yanakufikisha Darajani, hukosi bucha la halali.

Ukitaka kisiwa kidogo kutokea Sicilia, visiwa vya Egadi viko mbele ya Trapani. Favignana sehemu kubwa ni tambarare, watu wanakodi baiskeli, na kiwanda cha kale cha jodari cha ukoo wa Florio sasa ni makumbusho. Stromboli, upande wa kaskazini, ni volkano inayorusha moto hadi leo; vijana wataipenda, bibi muiache.

Na Lampedusa. Ufuko wake wa Sungura husifiwa sana, na kasa wa baharini hutaga hapo. Lakini alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2013 boti iliyojaa watu, wengi wao kutoka Eritrea, ilishika moto ikazama karibu kabisa na kisiwa hicho, na zaidi ya 360 walikufa. Kati yetu wasomaji wapo ambao ndugu zao walipita njia hiyo. Siwaambii watu wasiende. Wenyeji wanaishi kwa wageni, na wavuvi wao waliwaokoa wengi siku ile. Mimi nitakwenda watoto wakikua, na tutaanzia kwenye mnara wa lango unaotazama Afrika, ndipo twende kuogelea.

Habari ya karatasi. Mwenye pasi ya Uingereza haombi viza kwa safari fupi. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Sweden au nchi nyingine ya Schengen pia haombi. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anayeishi Uingereza, Marekani au Ghuba lazima aombe, na kibali chake cha huko hakimsaidii mpakani. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na mnaweza kuanza miezi sita kabla. Mama aliomba yake Dar es Salaam kabla hajapanda ndege kuja kwetu. Wekeni pia akiba ya kodi ya mgeni, inayolipwa kwa kila mtu kila usiku katika miji mingi.

Kama mnaweza, ikwepeni wiki ya tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, Italia yote inapohamia ufukweni. Wenye watoto wa shule Uingereza wajaribu likizo fupi ya Oktoba: Sicilia bahari bado inaogeleka na bei zimeshuka.

Wiki iliyopita mama alipiga simu. Baada ya kusalimia na kuuliza kila mjukuu kwa jina, alitaka kujua kama huko Favignana kuna baiskeli za magurudumu matatu.