Viini vinavyonawiri katika mchanga unaotokota

KATIKA ufuo wa Porto di Levante, kisiwani Vulcano nchini Italia, bahari huchemka. Mapovu ya gesi hupanda kutoka kwenye mchanga kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na harufu ya mayai viza hutanda hewani.

Kisiwa hicho kiko kaskazini mwa Sicily, na ndicho kilichoupa ulimwengu neno volkano. Mlima wake ulilipuka mara ya mwisho kati ya mwaka 1888 na 1890, lakini moto ulio chini haujazimika. Maji ya bahari hupenya ardhini, yakapashwa joto na kurudi juu yakiwa yamesheheni kabonidayoksaidi na gesi ya salfa. Kwa kuwa kina ni kifupi, mtafiti hahitaji nyambizi ya mamilioni ya fedha kama wale wanaochunguza chemchemi za kilindini. Chupa na kipimajoto vinatosha.

Hivyo ndivyo Profesa Karl Stetter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, walivyovumbua mambo yaliyowashangaza wengi. Mnamo 1982 Stetter alieleza kuhusu kiini kutoka Vulcano kinachoweza kukua hata katika nyuzijoto 110, ilhali maji ya kawaida huchemka kwa 100.

Mwaka 1986 vilifuata viwili vingine. Thermotoga maritima ni bakteria halisi, mwenye umbo la kijiti kilichovishwa ganda lililolegea mfano wa joho, na hustawi zaidi katika nyuzijoto 80. Cha pili, Pyrococcus furiosus, hupenda nyuzijoto 100 na huweza kuongezeka maradufu kwa dakika 37 hivi. Hiki cha pili, ingawa watu wengi hukiita bakteria, kimo katika kundi la arkea, ambalo Carl Woese na George Fox wa Marekani walilitenga mwaka 1977.

Viumbe hawa huishije pasipo hewa? Ndani ya mchanga oksijeni huisha upesi. Pyrococcus hula mabaki ya protini na sukari, na huitumia salfa kama sisi tunavyoitumia oksijeni, kisha hutoa gesi ile ile yenye uvundo. Juu kidogo, mahali gesi hiyo inapokutana na maji yenye oksijeni, bakteria wengine huigeuza kuwa nguvu za kuishi na kutumia kaboni kujenga miili yao, bila kutegemea mwanga wa jua. Uchafu wa mmoja ni chakula cha mwingine, na umbali kati yao huenda ukawa sentimita chache tu.

Faida yake imefika mbali na Italia. Mashine za kunakili DNA hupasha sampuli joto la nyuzi zipatazo 95 mara kwa mara, joto ambalo huharibu vimeng'enya vingi. Kimeng'enya cha Pyrococcus hustahimili. Zaidi ya hayo, hukagua kazi yake na kusahihisha makosa, jambo ambalo kile cha Taq kilichotangulia, kutoka kwa bakteria wa chemchemi za Yellowstone, Marekani, hakiwezi.

Lakini ufuo wenyewe si wa kuchezewa. Gesi ilipozidi mnamo Novemba 2021, wakazi wa eneo la bandari waliamriwa kutolala majumbani mwao. Mei 2022 maji ya ghuba yaligeuka meupe.

Kwa Mkenya, habari hizi zina uchungu wa karibu. Maziwa ya Bonde la Ufa pia yana chemchemi za moto, Bogoria ikiwa mfano, na viini vyake vimewahi kuzua mzozo. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilidai mgao kutoka kwa kampuni ya kigeni iliyouza kimeng'enya cha kufifisha rangi ya jinzi, kilichohusishwa na viini vya maziwa hayo.

Itifaki ya Nagoya ya 2010, ambayo Kenya iliidhinisha mwaka 2014, inataka nchi yenye viumbe iombwe ridhaa na igawiwe faida. Ilianza kutekelezwa Oktoba mwaka huo, wakati ambapo kimeng'enya cha Pyrococcus kilikuwa kimeuzwa katika maabara za dunia kwa zaidi ya miaka 20.